Zamu ya Saa Nne na Dakika Arobaini

Harerimana, mlinzi wa mifereji ya mpunga, aliingia uani kwa Mukankusi asubuhi akiwa ameshika viatu mkononi na tope limempanda mpaka magotini. Mukankusi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachagua mawe kwenye mchele. Kabla mwanamume yule hajafungua mdomo alishajua kuna jambo limeharibika, maana Harerimana hakuwa mtu wa kuacha mfereji wake saa ya kufungulia watu maji.

"Maman Wense, weka kwanza huo ungo chini."

"Ungo umekufanya nini? Sema."

"Bamekamata mutoto wako. Kule ku mutoni. Basoda bamemukuta mu mafunjo, amelala juu ya tumbo, na ile apareyi yake ya picha, ya mudomo murefu. Bamemwambia atoke. Unajua alibafanyia nini?" Harerimana akaweka kidole kwenye midomo yake. "Hivi! Anabaambia banyamaze. Basoda benye bunduki!"

Mukankusi akaokota jiwe moja jeupe, akalitupa, akaokota jingine. Hilo la pili halikuwa jiwe, lilikuwa punje ya mchele, naye akaitupa vilevile.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, na vita vya ng'ambo havikuonyesha dalili ya kuchoka. Bugarama ni pale nchi tatu zinapokutana. Ukivuka mto huu uko Kongo, ukivuka ule uko Burundi, na siku zile mtu mwenye akili hakwenda hata kuoga huko baada ya jua kuanza kuinama. Kulala kifudifudi kwenye mafunjo, ukiwa na kitu kirefu cheusi umekielekeza mbele, ilikuwa ni kujiandikia jina mwenyewe kwenye orodha ya wapelelezi.

Eugénie, jirani wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Bukavu aliyekuwa anavusha samaki wa sambaza kila wiki, alisikia sauti akaja na kitambaa chake cha kichwa mkononi.

"Lakini Wense wako alisomea nini hasa kule Butare?" aliuliza. "Miaka minne yote ile."

"Wanyama."

"Wa kutibu?"

"Hapana."

"Wa kufuga, basi."

"Hapana, Eugénie. Wa kuangalia."

Eugénie akafunga kitambaa chake taratibu, akakifungua, akakifunga tena.

Mukankusi mwenyewe hakuwa anaelewa zaidi ya hapo. Kijana alirudi na digrii yake ya elimu ya wanyama, akapewa darasa la kufundisha, akafundisha muhula mmoja. Mshahara wake wote akampelekea mzungu mmoja wa shirika aliyekuwa anafunga mizigo aondoke, akarudi nyumbani na ile kamera. "Maman, nataka kuwa mpiga picha wa wanyama," alisema. Mukankusi akamwuliza nani atamlipa, hao wanyama? Kijana akacheka. Siku za soko alikuwa anapiga watu picha za vitambulisho, lakini hata hiyo kazi aliiharibu, kwa kuwa alikuwa anasubiri mpaka mtu asahau kwamba kuna kamera mbele yake. Nusu ya watu wa Bugarama walitoka kwenye picha wakitazama pembeni, mmoja anapiga miayo, mwingine anakuna sikio, na ofisi ya tarafa ikawarudisha wote. "Mutoto wako anatupiga kama vile sisi ni nyani," aliambiwa Mukankusi sokoni, mbele ya watu.

*

Wanausalama walikuwa wamekaa kwenye ghala la zamani kando ya barabara. Mukankusi alifika hapo na sahani ya wali na maharage, amefunga kwa kitambaa safi. Askari wa mlangoni akafungua kitambaa, akachomeka kijiti kwenye wali, akakizungusha mpaka chini, akakichomoa, akakiangalia. Kisha akamwambia akae kwenye benchi. Alikaa tangu saa tatu mpaka saa nane, sahani magotini, na wali ulio na tundu katikati.

Aliyemwita ndani alikuwa Afande Karangwa, mwanamume mwembamba aliyelelewa ukimbizini Tanzania, akisema Kiswahili cha huko, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Mbele yake palikuwa na kamera, na kando ya kamera daftari la Wense, lile lenye gamba la bluu.

"Mama, karibu, keti. Kifaransa unakijua?"

"Kidogo, Afande. Niliishia darasa la tano."

"Basi nitakutafsiria. Sikiliza maneno ya mwanao." Akalowesha kidole, akafunua. "'Saa kumi na mbili na dakika kumi: mmoja amevuka mto. Saa nne na dakika arobaini: zamu. Saa kumi na moja na dakika ishirini: zamu. Usiku wote wawili wamo ndani ya mafunjo.' Kesho yake: 'Mmoja amevuka mto.' Kesho kutwa: 'Zamu, wamechelewa dakika tano.' Siku kumi na tisa, Mama. Unajua zamu ni nini? Ni pale askari mmoja anapotoka lindoni na mwenzake anaingia. Hilo ni neno letu. Nina miaka kumi jeshini, sijapata kuona ndege anayeshika zamu."

"Ndege?"

"Anasema ni umusambi." Ndiye yule korongo mkubwa mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. "Nikamwambia vizuri, mtoni tulipokukuta hapana kiota, tupeleke tukamwone huyo umusambi wako. Akakataa. Anasema akituonyesha mahali, watakwisha. Akina nani watakwisha, Mama?"

Mukankusi akatazama daftari, akatazama mikono yake. Maneno aliyasikia yote, moja moja, wala hayakukaa pamoja.

"Na mzee wa nyumbani yuko wapi?"

"Alibaki ng'ambo. Mwaka wa tisini na sita, wakati tunarudi kutoka ukimbizini."

Afande akaandika. Mukankusi akaiangalia ile kalamu ikitembea, na ilipofika mwisho wa mstari akajua kwamba heri angesema tu amekufa, kama alivyokuwa anaamini.

"Mimi sina ubaya na mwanao," alisema Afande. "Ana adabu. Lakini mtu wa chuo kikuu, baba yake yuko ng'ambo, amelala mpakani anahesabu wanaovuka. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nampa siku tatu. Baada ya hapo anapelekwa mbele, kwa wakubwa, na huko mbele mimi sina sauti."

Walimruhusu kumwona kwa dakika tano, mlango wazi, askari amesimama katikati. Wense alikuwa hana mkanda wala kamba za viatu. Aliuchota wali kwa vidole akila haraka haraka.

"Maman, sikiliza. Pelikule ya ndani ya apareyi ni mupya, haina kitu. Ile yenye picha iko nyumbani, mu sanduku ya vitabu, ndani ya soksi. Peleka Bukavu kwa Papa Balagizi aisafishe. Bakiona picha, bataamini."

"Juu ya nini usibaonyeshe tu hiyo fasi, mwanangu?"

"Mayai matatu, Maman. Bantu ba mujini banatafuta batoto ba umusambi babaweke mu jardin zabo za maua, batembee kama kuku. Mwaka jana nilijua viota tano. Mwaka huu najua kimoja. Nikionyesha fasi, nimeisha kukiuza."

"Na wewe? Wewe utauzwa na nani?"

"Ngoja, Maman," akajibu kijana, "sijamaliza kula." Na kweli alikuwa bado anatafuna. Mukankusi akasikia mkono wake unawasha kumpiga kofi, na palepale akasikia haya kwamba amewaza hivyo, mtoto akiwa mahali kama pale.

*

Kesho yake aliikuta pelikule kwenye soksi ya kijivu, kopo dogo jeusi lenye kifuniko. Ndani yake mna kitu kama kiberiti cha duara, na ulimi mfupi wa filamu umechungulia nje.

Akakaa nacho kitandani. Kwenda Bukavu ni kupita vizuizi viwili upande huu na kimoja upande ule. Na kama humu ndani mna askari? Kama mna gari la jeshi, au daraja, vitu ambavyo mtoto alivipiga kwa bahati mbaya akifuata ndege wake? Atakuwa amewapelekea kamba kwa mkono wake mwenyewe. Mukankusi hakuwa mtu wa kufanya jambo kwa papara. Alikuwa amefika dukani kwa Balagizi mara mbili tatu na Eugénie, akaona zile kanda zinavyotundikwa dirishani, na jinsi mzee yule anavyozishika kwenye mwanga na kuonyesha watu: huyu ni bibi harusi, huyu ni shemeji. Alijua basi namna picha zinavyotazamwa.

Akanawa mikono kwa sabuni, akaipangusa ikauka, asije akachafua. Akafunga lango. Akasimama katikati ya uwanja, pale ambapo jua la Bugarama la saa saba halina kivuli hata kimoja, akaushika ule ulimi na kuvuta.

Ilitoka ndefu, nyororo, rangi ya kahawia kama chai yenye maziwa kidogo. Akaiinua juu. Akaitazama kipande kwa kipande, kwa subira ileile ya kuchagua mchele, kutoka mwanzo mpaka mahali iliposhikamana na kile kiberiti. Hakuna askari. Hakuna daraja. Hakuna gari. Moyo ukamtulia, akamshukuru Bikira Maria kwa sauti. Ndege pia hawakuwemo, na hilo lilimtatiza kidogo, lakini akasema labda ni wadogo mno kwa macho yake. Akaikunja tena polepole mpaka ikaingia yote, akairudisha kwenye kopo, kopo kwenye soksi.

Alfajiri yake Eugénie alimsindikiza. Gari liliwafikisha Kamembe, wakashuka kwa miguu mpaka darajani, Eugénie akiwasalimia watu wa vizuizi kwa majina yao na kuwauliza habari za wake zao. Balagizi akaipokea filamu, akaingia kwenye chumba chake cha giza, akaimba humo ndani. Baadaye akaacha kuimba.

Alipotoka alikuwa ameshika kanda nyeusi tii, kama utepe wa msiba.

"Maman, nani alifungua hii?"

"Mimi, Papa. Nilitaka kuona kama iko na kitu kibaya."

"Mu jua?"

"Mu jua. Juu ya kuona vizuri."

Kwenye benchi palikuwa na kijana anayesubiri picha zake za ubatizo. Akajipiga paja. "Maman amekaanga picha! Ameziweka ku mafuta!"

"Nyamaza, wewe mujinga," alisema Balagizi. Akamgeukia Mukankusi, akashusha sauti kama anayezungumza na mgonjwa. "Picha yenye haijasafishwa inaogopa mwanga, Maman. Ukiifungua mara moja tu, yote inakufa."

"Lakini hizi zako zinatundikwa dirishani."

"Hizi nimeisha kuzisafisha."

"Basi," alisema Mukankusi. Akasema tena, "Basi," kana kwamba kuna mtu aliyemkatalia. Balagizi hakutaka malipo. Akaitia ile kanda nyeusi kwenye bahasha, akampa, na Mukankusi akaipokea kwa mikono miwili akasema asante, bila kujua anamshukuru kwa lipi.

Kwenye njia ya kurudi walipita tena Kamembe. Hapo Eugénie akamnunulia mwenzake ndizi ya kuchoma. "Kula. Mimi pia ningeifungua," alisema. "Nani angekaa na kitu kama kile bila kukifungua?"

*

Siku ya tatu Mukankusi aliamka akafua. Hakuwa na jambo jingine ambalo mikono yake ilijua kulifanya. Ndani ya beseni palikuwa na suruali ya Wense aliyoivua siku moja kabla ya kukamatwa, imekauka imesimama kama ubao. Akaimwagia maji, akaanza kusugua magoti, kisha akaacha.

Tope la mashamba ya mpunga ni jekundu, linatoka mara moja. Tope la kando ya mto ni la kijivu na mchanga ndani. Hili lilikuwa jeusi, na juu yake palikuwa na ganda jeupe, gumu, linalokwaruza kidole, kama lile linaloganda ndani ya birika. Akalinusa. Lilinuka chumvi na yai lililokaa. Katika tambarare yote ile tope hilo lipo mahali pamoja tu, pembe ya kinamasi ambamo maji ya chemchemi ya moto yanateremka na kupotea kwenye mafunjo. Watu hawalimi hapo, mpunga unababuka. Yeye alipajua, maana zamani walikuwa wakiwapeleka watoto wenye upele kuoga kule juu.

Akakaa juu ya visigino vyake, suruali mikononi, maji yanamchuruzika kwenye viwiko. *Nikionyesha fasi, nimeisha kukiuza.* Mayai matatu. Alijaribu kuyapima, mayai matatu na mwanawe, na akashangaa kwamba kulikuwa na kitu cha kupima. Akamwonea Wense hasira kwa kumwekea swali kama hilo. Mtu mwingine asingekuwa na swali hapo. Akaiacha suruali kwenye beseni, akabadilisha kitenge.

"Mama," alisema Afande Karangwa alipoitazama ile kanda nyeusi, "hii umeiharibu, au umeificha kwa kuiharibu?"

"Sijui tofauti, Afande. Niliifungua nione kama kuna ubaya. Nikaona hakuna."

Afande alimtazama muda mrefu. Askari mmoja akacheka kwa pua, akaacha alipoona mkubwa wake hacheki.

"Nitawapeleka," alisema Mukankusi. "Fasi naijua."

"Yeye alikuambia?"

"Suruali yake."

Walikwenda kwa gari mpaka mwisho wa barabara, Afande, askari wawili na dereva, Mukankusi amekalishwa mbele kama mgeni wa harusi. Kutoka hapo walitembea kwenye matuta ya mifereji. Watu waliokuwa wanapalilia mpunga walisimama kuwatazama, majembe yamening'inia, mmoja akamwita, "Maman Wense, banakupeleka wapi?" naye akajibu, "Miye njo nabapeleka," na huyo mtu hakuelewa. Dereva, ambaye aliambiwa abaki na gari, alikuwa amewafuata. Alisema anataka kuona.

Walipofika kwenye tope jeusi Mukankusi akavua kandambili. Tope lilikuwa vuguvugu. Mbele, katikati ya mafunjo, palikuwa na kichaka ambacho hakikuwa kichaka. Ni magunia yaliyoshonwa na kufunikwa kwa mafunjo makavu, urefu wa mbuzi aliyesimama. Askari wakainua bunduki. Afande akainua mkono. Akapiga magoti, yeye na suruali yake iliyopigwa pasi, akaingia kwa kutambaa.

Ndani mlikuwa na gunia la kulalia, chupa ya maji, na tundu moja la kutazamia, dogo kama kiganja. Mukankusi alijipenyeza akakaa nyuma yake. Akamwona Afande anageuza shingo huku na huku kwenye lile tundu, akitafuta daraja, akitafuta barabara, akitafuta mto. Mto ulikuwa nyuma ya mgongo wao. Kupitia tundu lile huwezi kuona kitu chochote duniani isipokuwa lundo moja la mafunjo, na juu ya lundo ndege mkubwa wa kijivu aliyelala, taji lake limesimama.

"Ni yeye," alinong'ona Mukankusi.

"Namwona." Afande akatazama saa yake. "Saa nne na dakika ishirini na mbili. Tutaona hiyo zamu."

Wakakaa. Jasho likawatoka, mbu wakawala. Nje wale askari walikuwa wamechuchumaa, dereva anauliza kwa sauti ndogo nyama ya ndege huyo ikoje. Ikafika saa nne na dakika arobaini. Hakuna kitu. Ikafika hamsini. Ndege alikuwa amelala palepale, anapepesa jicho lake jeupe. Afande akaanza kupapasa kifungo cha mfuko alimoweka daftari. Mukankusi alikuwa anasali sala ambayo hakujua mwisho wake, na katikati ya sala akajikuta anamwambia yule ndege aliyekuwa hayupo: *Baba, rudi nyumbani, unatuaibisha.*

Saa tano kasoro dakika tatu kukapita kivuli juu ya magunia, na sauti kama mlango wenye kutu. Umusambi wa pili akatua nje kidogo ya lundo. Akatembea polepole, anainua mguu mmoja mmoja kama mtu anayeogopa kuchafua viatu. Yule wa kwanza akainuka. Wakainamishiana vichwa. Chini ya tumbo lake yakaonekana mayai matatu, rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu. Mgeni akayageuza kwa mdomo, moja, mbili, tatu, akajishusha juu yake. Aliyemaliza akajinyoosha mabawa, akakimbia hatua chache, akaruka, akaelekea mtoni.

"Amevuka," alisema Afande. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, umeona? Wamepokezana. Kabisa kabisa. Hata saluti wamepigiana."

Hakutoka mara moja. Alikaa tena nusu saa nzima, na askari waliposogea kuuliza kama wanaondoka, Afande Karangwa akatoa mkono wake nje ya magunia, akawaonyesha kidole mbele ya midomo. Kisha wote walichungulia kwa zamu, hata dereva. Dereva alichungulia mara mbili.

*

Wense alitolewa jioni ileile, na mkanda wake, na kamera, na daftari. Afande alimpa mkono akamwambia atafute kwanza karatasi ya ruhusa, na siku nyingine asiandike maneno ya jeshi.

Njiani Mukankusi alimwambia kila kitu kwa utaratibu wake, kuanzia soksi. Alipofika kwenye jua la saa saba, kijana akasimama.

"Uliivuta yote?"

"Yote. Mpaka mwisho."

"Siku kumi na tisa," alisema Wense. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti, na mama yake akasimama kando hajui kama acheke naye au amshike. Alipomweleza habari ya tope na ya Afande, kicheko kilikwisha. Kijana hakusema amefanya vizuri, wala hakusema amefanya vibaya. Alitembea tu, viatu havina kamba, vinapiga chini kama vya mtoto aliyevaa vya baba yake.

Siku tano alikaa nyumbani akisubiri karatasi. Siku ya sita aliipata, yenye muhuri, akaitia kwenye nailoni. Mukankusi akasema atakwenda naye, na kijana hakumkataza.

Kutoka mbali mafunjo yalikuwa kimya. Magunia yalikuwepo kama walivyoyaacha. Wense hakuingia ndani yake. Alikwenda moja kwa moja, maji vuguvugu yakimfika mapajani, mpaka kwenye lundo, akasimama. Mukankusi akamfuata, kitenge amekikunja juu ya magoti. Lundo lilikuwa na shimo lake la mviringo katikati, limetandikwa majani makavu vizuri sana, kazi ya mtu mwenye subira. Hamkuwa na kitu.

"Labda wametotoa," alisema. "Wametotoa wakaenda."

"Bado siku nane." Wense akainama, akapitisha vidole kwenye majani. "Kenge angeacha maganda. Nguchiro pia angeacha. Hakuna hata ganda moja."

"Basi nani?"

Wense akanyooka. Akainua kamera, akasogea nyuma hatua mbili, akakaa muda mrefu na jicho moja limefumba. Kamera ikalia mara moja.

"Unapiga nini, na hakuna kitu?"

"Njo hiyo, Maman."

Ng'ambo ya mto, mbali, sauti ya mlango wenye kutu ililia mara moja, na hawakumwona aliyelia. Mukankusi alitaka kusema jambo. Alitaka kusema Afande ni mtu mwema, na askari wale walicheka kama watoto, na dereva alichungulia mara mbili, na waliokuwa wanapalilia waliwaona wakipita. Kila mmoja wao angeweza kurudi kuyachukua mayai. Na kila mmoja wao ni yeye aliyempa njia, kwa miguu yake mwenyewe, pekupeku, ili mwanawe asimame hapa leo na hiyo kamera. Alikuwa radhi kuifanya tena kesho.

"Balikuwa bangapi, Maman?"

"Nani?"

"Bale balikuja hapa siku ile."

Akawahesabu kwa vidole, polepole, asije akamruka mtu. "Afande. Basoda babili. Chauffeur." Akavitazama vidole. "Bane."

Wense alikuwa bado anamtazama. Hakuwa na hasira. Alimtazama vile anavyotazama vitu vyake, bila kumharakisha, akisubiri.

Mukankusi akakunjua kidole cha tano.

"Batano," akasema.